Viungo vya skani vimekufa baada ya kuhamia kwenye flashi. Nianze upya?

Swali: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni karani wa SACCOS ya walimu huku Nyanda za Juu Kusini. Tuna wanachama 1,380 na daftari lao liko kwenye Excel. Tangu mwezi wa pili naskani majalada yao. Nimefikisha mafaili 2,100, na printa imeyapa majina yenyewe: Scan0001, Scan0002 na kuendelea. Kwa wiki tatu nimekuwa nabofya jina la mwanachama, naweka kiungo, natafuta skani yake, naunganisha. Nimefika kama 600. Juzi meneja alinakili daftari na folda ya skani kwenye flashi akampelekea mkaguzi. Kule kila kiungo wakikibofya wanaambiwa faili haliwezi kufunguliwa. Kwenye kompyuta yangu vingi vinafunguka, ila vingine havifunguki hata kwangu, na nikivipitishia kishale naona neno AppData ambalo sikuliandika mimi. Je, nianze upya? Na meneja anauliza kama sasa tunaweza kuchoma makaratasi.

Jibu: Marahaba, dada. Usianze upya. Wiki zako tatu ziko salama ndani ya hivyo hivyo viungo vilivyokufa, na tutazitoa. Kabla ya kusoma zaidi, nakili daftari na folda nzima ya skani mahali pengine, kwenye diski ya nje kama mnayo, kisha uifungie kabatini. Yote ninayokuelekeza hapa utayafanya kwenye nakala nyingine.

Tuanze na ugonjwa. Unapoweka kiungo kwa mkono, Excel huandika anwani ya faili nyuma ya lile jina la buluu. Anwani yenyewe inaweza kuwa ya aina mbili. Kuna anwani kamili, kama D:\Skani\Scan0058.pdf, na kuna ile ninayoiita ya jirani, Skani\Scan0058.pdf, inayohesabiwa kuanzia pale daftari lilipo. Ya pili ni kama kumwelekeza mgeni "nyumba ya tatu kutoka hapa": inafaa maadamu mgeni amesimama palepale ulipodhani amesimama. Excel haikuulizi unataka ipi. Daftari na skani zikiwa kwenye diski moja, huandika ya jirani. Zikiwa kwenye diski mbili, huandika kamili. Nakisia kwamba daftari lako liko Desktop, yaani kwenye C, na skani ziko D kwa sababu C ilishajaa. Laptopu ya mkaguzi ama haina D, ama D yake ni kitu kingine kabisa. Meneja alibeba kila kitu kwenye flashi, lakini viungo viliendelea kuulizia D.

Vile vya AppData vina hadithi nyingine, na ningeweza kuweka dau kwamba ilianza siku umeme ulipokatika. Kompyuta ikizimika ghafla, Excel hukurudishia nakala ya dharura iliyokuwa imeihifadhi ndani ya tumbo la Windows, kwenye folda ya AppData\Roaming\Microsoft\Excel. Ukiifungua nakala hiyo na kuihifadhi, anwani za jirani zinahesabiwa upya kutokea huko tumboni, na zinagandia hivyo. Kwa hiyo baadhi ya skani zako, pengine zile za mwanzo, zilikuwa diski moja na daftari. Huu ni ugonjwa wa zamani wa Excel, na umewaliza watu wengi waliodhani wameingiliwa na kirusi.

Sasa niseme ninachokiamini baada ya miaka mingi ya kuokoa madaftari ya namna hii. Umekuwa ukitafuta kiungo mahali pasipo pake. Kinachomuunganisha mwanachama na waraka wake ni namba. Ule mstari wa buluu ni mlango tu, na mlango unaweza kung'olewa na kuwekwa mwingine. Waulize watu wa masjala. Miaka yote, kabla ya kompyuta, barua ilibeba "Kumb. Na." juu yake, jalada likabeba namba ileile, na kwenye rejesta kukawa na mstari wenye namba hiyohiyo. Kabati likihamishwa kutoka chumba kimoja kwenda kingine, hakuna anayeandika upya rejesta. Karatasi ikidondoka njiani, anayeiokota anajua pa kuirudisha. Scan0058 ikidondoka, nani anajua ni ya nani? Wewe peke yako, na wewe unakumbuka kwa sababu ya kiungo. Siku kiungo kikifa, skani 2,100 zinageuka rundo la karatasi sakafuni.

Kwa hiyo kazi ni mbili: kutoa kumbukumbu iliyomo ndani ya viungo 600, kisha kuihamishia kwenye majina ya mafaili yenyewe.

Kutoa ni rahisi kuliko unavyodhani. Kiungo kilichokufa bado kinajua jina la faili, kilichopotea ni njia ya kulifikia. Fungua ile nakala ya daftari unayoifanyia majaribio, bonyeza Alt na F11, nenda menyu ya Insert, chagua Module, kisha bandika mistari hii:

Function Anwani(seli As Range) As String
If seli.Hyperlinks.Count > 0 Then Anwani = seli.Hyperlinks(1).Address
End Function

Rudi kwenye jedwali. Kama jina la mwanachama lenye kiungo liko B2, nenda kolamu tupu, tuseme H, andika =Anwani(B2) na ushushe mpaka chini. Utaona anwani zote zimejitokeza, nzima na mbovu: D:\Skani\Scan0058.pdf hapa, ../../AppData/na-mengine/Scan0101.pdf pale. Tunachotaka ni kipande cha mwisho tu, na fomula hii ya kolamu inayofuata inakikata:

=TRIM(RIGHT(SUBSTITUTE(SUBSTITUTE(H2,"/","\"),"\",REPT(" ",200)),200))

Inachofanya ni kugeuza kila mkwaju kuwa nafasi tupu 200, kisha inachukua herufi 200 za mwisho na kufuta nafasi za pembeni. Kinachobaki ni Scan0058.pdf. Nakili kolamu hiyo na uibandike juu yake yenyewe kama thamani, ili isitegemee tena fomula wala makro, yaani ile mistari uliyobandika kwenye Module. Hapo una namba ya mwanachama upande mmoja na jina la skani upande mwingine, mara 600. Hizo ndizo wiki zako tatu.

Hapa nitakuvurugia kidogo mpangilio, unisamehe. Njia uliyokuwa ukifuata ilikuwa ifikie ukuta hata kama flashi isingetokea. Seli moja hubeba kiungo kimoja. Mwanachama ana fomu ya kujiunga, kitambulisho, mkataba wa mkopo wa 2019, mkataba mwingine wa 2022, barua ya kubadilisha mrithi. Utabofya jina lake lifungue kipi? Watu hujibu swali hili kwa kuongeza kolamu: Skani 1, Skani 2, Skani 3. Nimewahi kuitwa kwenye ofisi moja wakiwa wamefika Skani 11, na hakuna aliyejua Skani 6 ni ya nini. Ofisi nyingine ilikuwa imepachika mafaili yenyewe ndani ya seli kama picha, na daftari likawa linachukua muda wa kuchemsha chai kufunguka.

Fanya karatasi mbili ndani ya daftari moja. Ya kwanza, Wanachama, ibaki kama ilivyo: mtu mmoja, mstari mmoja. Ya pili iite Nyaraka, na humo waraka mmoja uwe na mstari mmoja. Kolamu A ni namba ya mwanachama, B aina ya waraka kwa herufi tatu, C tarehe iliyoandikwa kwenye waraka, D jina jipya la faili, E idadi ya kurasa, F kiungo, G jina la zamani la printa. Mwanachama mwenye nyaraka tano atakuwa na mistari mitano. Mwenye moja, mmoja. Hutaongeza kolamu ya skani tena maisha yako.

Aina za nyaraka chagua wewe, ila ziwe chache na uziandike ukutani: FMJ fomu ya kujiunga, KTB kitambulisho, MKP mkataba wa mkopo, BRU barua. Mkiruhusu kila mtu abuni yake, baada ya mwaka mtakuwa na MKP, MKO, MKOPO na Mkp2.

Jina la faili lijitunge lenyewe kutoka kwenye kolamu hizo. Kwenye D2 andika:

=A2&"-"&B2&"-"&TEXT(C2,"yyyymmdd")&".pdf"

Utapata 0417-MKP-20190312.pdf. Mwaka umetangulia kwa makusudi, kwani mafaili yakipangwa kwa herufi yatajipanga pia kwa tarehe. Nyaraka mbili za aina moja za siku moja zikitokea, ya pili iongezee -2. Usitumie nafasi tupu ndani ya jina, na usithubutu kuingiza mkwaju. Najua namba zenu za ofisi zinaandikwa SAC/0417/2019, lakini Windows haikubali mkwaju kwenye jina la faili, wala nukta mbili, nyota au alama ya kuuliza. Tumia kistari.

Namba ya mwanachama iwe maandishi, isiwe tarakimu za kujumlisha. Ukiandika 0417 kwenye seli ya kawaida, Excel inaona sifuri ya mbele ni uchafu na kuifuta, inabaki 417, na jina la faili linapinda. Chagua kolamu nzima, iweke kuwa Text kabla hujaandika chochote. Kama sifuri zilishaliwa, =TEXT(A2,"0000") inazirudisha.

Utashawishika kutumia namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, badala ya namba ya uanachama kwa kuwa "kila mtu anayo yake". Acha kabisa. Kwanza ina tarakimu 20, na Excel inahesabu kwa uhakika tarakimu 15 tu. Ukiiandika bila vistari kwenye seli ya kawaida, tano za mwisho zinageuka sifuri na haurudishiwi. Hata ukiiweka kama maandishi, ukija kuitafuta kwa COUNTIF, fomula inayohesabu seli zinazolingana na unachotafuta, Excel inaigeuza tena kuwa namba kimyakimya, na wanachama wawili ambao tarakimu 15 za mwanzo zinafanana watahesabiwa kuwa mtu mmoja. Pili, tarakimu nane za kwanza ni tarehe ya kuzaliwa. Huna sababu ya kuitangaza kwenye jina la faili. Majina ya watu nayo hayafai, kwa sababu unayoijua vizuri kuliko mimi: hapo ofisini mna akina Neema wangapi?

Rudi kwenye zile 600. Zihamishie kwenye Nyaraka, namba kwenye A, jina la printa kwenye G. Kwa zile 1,500 zilizobaki, orodha ya majina huhitaji kuiandika. Fungua folda ya skani, andika cmd kwenye mstari wa anwani juu, bonyeza Enter, kisha andika dir /b > orodha.txt na Enter tena. Faili la orodha.txt litatokea humo humo likiwa na jina la kila skani. Libandike kwenye karatasi ya tatu uiite Orodha, toa zile 600, zilizobaki zipeleke G.

Sasa ndiyo kazi ya macho, na hakuna fomula ya kuikwepa. Kila skani itazamwe ili ujue ni waraka gani, wa tarehe gani, na kwa zile 1,500, ni wa nani. Washa kidirisha cha kutazamia kwa Alt na P kwenye folda ili usifungue na kufunga kila moja. Kwa nusu dakika kwa kila skani, 2,100 ni saa 17 na nusu. Gawaneni wawili, mmoja asome mwingine aandike. Mtamaliza haraka na mtakosea kidogo kuliko mtu mmoja anayegeuza shingo.

Majina yote yakishakuwa tayari kwenye D, kubadilisha mafaili 2,100 ni suala la dakika. Kwenye kolamu ya pembeni andika:

="ren "&G2&" "&D2

Kila mstari utasomeka kama amri: ren Scan0058.pdf 0417-MKP-20190312.pdf. Nakili kolamu hiyo, ibandike kwenye Notepad, mstari wa mwisho ongeza neno pause, uhifadhi ndani ya folda ya skani kwa jina badili.bat, kisha uibofye mara mbili. Amri ya ren ina adabu: jina jipya likiwa tayari lipo, inakataa na kulalamika, haifuti la mwanzo. Hayo malalamiko yasome, maana kila moja ni waraka ulioskaniwa mara mbili au namba iliyokosewa. Na tafadhali, kwanza jaribu kwa mistari kumi kwenye nakala.

Ukishabadilisha, geuza kolamu D kuwa thamani. Nasisitiza hapa kwa sababu nimeona watu wakiumia: ikibaki fomula, siku mtu akisahihisha tarehe kwenye C, jina kwenye D linabadilika lakini faili kwenye folda halibadiliki, na mnaachana njia panda bila kelele yoyote.

Kiungo chenyewe sasa ni mstari mmoja. Weka daftari na folda ya skani ndani ya folda moja kubwa, kisha kwenye F2:

=IF(D2="","",HYPERLINK("skani\"&D2,"Fungua"))

Shusha mpaka chini. Viungo 2,100 kwa kuburuta kipanya mara moja. Anwani hii ni ya jirani, ila safari hii umeichagua wewe na imeandikwa mahali unapoiona. Folda kubwa ikihamia flashi, ikienda kwa mkaguzi, ikirudi, milango inafunguka, mradi daftari na skani vimesafiri pamoja. Masharti ni kwamba daftari liwe limehifadhiwa, na lisifunguliwe likiwa ndani ya zip au moja kwa moja kutoka kwenye kiambatisho cha barua pepe.

Mkiwa na seva au kompyuta moja inayotumiwa na wote kwa mtandao wa ofisi, badilisha kidogo. Tengeneza karatasi ndogo uiite Mipangilio, kwenye B1 andika \\SEVA\kumbukumbu\skani\ kama folda inavyoitwa kwenu, na fomula iwe HYPERLINK(Mipangilio!$B$1&D2,"Fungua"). Seva ikibadilishwa, unarekebisha seli moja. Usitumie herufi ya diski kama Z, kwa sababu kwa mhasibu ni Z na kwa afisa mikopo ni Y. Kwenye LibreOffice nayo fuata njia hii ya seli moja, na kumbuka kushika Ctrl unapobofya. Wasomaji wa Bukavu na Bujumbura wenye Excel ya Kifaransa, kwenu fomula inaitwa LIEN_HYPERTEXTE na vipande vyake vinatenganishwa kwa nukta-mkato.

Kuhusu Google Drive, ambayo najua ndilo swali litakalofuata: kule kila faili lina kitambulisho chake cha ndani, hivyo kiungo hakifi hata ukibadilisha jina au kulihamisha folda. Ni uzuri wa kweli. Lakini ni lazima ukusanye viungo 2,100, mtandao uwepo kila saa, na pasiwe na mtu atakayechoka kuulizwa ruhusa akaweka "yeyote mwenye kiungo aone". Kwa mikataba ya mikopo ya walimu, mimi ningebaki kwenye diski ya ofisi.

Sasa utamu wa namba. Tengeneza orodha.txt mpya baada ya kubadilisha majina, ibandike kwenye Orodha, na kwenye kolamu tupu ya Nyaraka andika =IF(COUNTIF(Orodha!A:A,D2)=0,"HAIPO",""). Kila mstari unaodai una skani ambayo haipo utajitaja. Kisha geuza upande: kwenye Orodha, =COUNTIF(Nyaraka!D:D,A2), na palipo sifuri ni faili yatima, lipo kwenye folda lakini hakuna mstari unaolijua. Mara nyingi yatima hawa wana majina kama 0417-MKP-20190312.pdf.pdf, kwa sababu Windows ilificha .pdf ya kwanza na mtu akaongeza ya pili. Nenda View kwenye folda, washa File name extensions, ugonjwa huo utakoma.

Na kwenye karatasi ya Wanachama, =COUNTIFS(Nyaraka!A:A,A2,Nyaraka!B:B,"KTB") inakuambia nani hana kitambulisho. Chuja walio na sifuri, chapisha, peleka kwa meneja. Fanya hivyohivyo kwa mikataba: weka orodha ya wenye mikopo kando ya hesabu ya MKP. Kuna uwezekano utapata deni lisilo na mkataba, na ni bora ulipate wewe kabla ya mkaguzi.

Fomula hizi zinathibitisha kwamba faili lipo. Haziwezi kujua kama ndani yake kuna mtu mwingine. Kwa hiyo kila ishirini, fungua moja: jina, namba, sahihi, na hasa ukurasa wa nyuma. Fomu nyingi za mikopo zina sahihi za wadhamini mgongoni, na karani mwenye haraka huskani uso tu. Ndiyo maana nikakuwekea kolamu E ya idadi ya kurasa. Mkataba wa kurasa nne ulioskaniwa mbili ni sawa na mkataba usio na wadhamini.

Ubora wa skani: nukta 300 kwa inchi, rangi ya kijivu. Ukurasa wa A4 kwa kiwango hicho ni kama pikseli 2,480 kwa 3,508, inatosha hata baadaye mkitaka kompyuta isome maandishi. Nyeusi-na-nyeupe kavu hutoa mafaili madogo zaidi, lakini hufuta mihuri ya zambarau iliyofifia na nakala za kaboni, na muhuri ndiyo roho ya waraka wa ofisi. Kuanzia sasa, kabla karatasi haijaingia kwenye skana, andika namba ya mwanachama kwa penseli kwenye kona ya juu. Sekunde tatu hizo zinaokoa nusu dakika ya macho baadaye.

Kuna jambo kuhusu ile flashi. Ilikuwa na vitambulisho, mishahara na madeni ya wanachama wenu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na ina Tume yake. Kenya wana yao tangu 2019. SACCOS yenu inawajibika kwa taarifa hizo hata zikiwa mfukoni mwa meneja kwenye basi. Nywila mnayoweka kwenye daftari la Excel hailindi chochote ndani ya folda ya skani. Inafunga rejesta na kuacha kabati wazi. Flashi isafiri ikiwa imefungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows la diski na flashi nzima, au skani ziwe kwenye zip yenye nywila, mkaguzi azitoe kwanza ndipo afungue daftari. Na apewe anachohitaji: kama anakagua mikopo ya mwaka jana, chuja Nyaraka, mpe hizo tu. Majina mapya yanakuwezesha, Scan0058 isingekuwezesha.

Mwisho, moto. Mwambie meneja asichome. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inazipa kumbukumbu za kielektroniki nafasi mahakamani, lakini mahakama itauliza zilitunzwaje, nani alizigusa, zinaaminika kiasi gani. Mkopaji akisema "hiyo sahihi si yangu", mtaalamu wa maandishi atataka kuona wino. Mikataba ya mikopo ambayo haijalipwa, hati za dhamana na fomu za warithi zibaki kabisa. Kuhusu nyingine, uamuzi ni wa bodi kwa maandishi, baada ya kuuliza wanasheria na wasimamizi wenu wa ushirika. Si wa karani mwenye kiberiti.

Wakati wakijadiliana, ongeza kolamu ya H kwenye Nyaraka, uiite Mahali, na kila karatasi unayoirudisha andika ilipokwenda: Kabati 2, boksi 14.